Tuwekewe njia ya kufika kwenye kaburi la Pinto

Mhariri,

Kila unapofika mwezi wa Februari, magazeti na redio zetu huukumbusha umma kwamba Pio Gama Pinto aliuawa tarehe 24 ya mwezi huo mwaka 1965, na kwamba Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 mwaka 1990. Machi huwa zamu ya mbunge J. M. Kariuki, na Julai huwa zamu ya Waziri Tom Mboya. Kumbukumbu hizo ni njema nami huzisoma zote, lakini sikumbuki hata moja iliyomweleza msomaji mahali walipolazwa watu hawa: ashuke kituo gani, apite lango lipi, na amwombe nani ruhusa. Tunasimuliwa kwa kirefu jinsi walivyouawa, kisha tunaachwa bila kujua walipo.

Ninaandika kuiomba Serikali ya Kaunti ya Nairobi, Makavazi ya Kitaifa na wale waliopewa kazi ya kuwaenzi mashujaa chini ya Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014 waanze jambo dogo linalowezekana. Wayaorodheshe makaburi ya watu waliouawa kwa sababu ya siasa zao, wayawekee vibao vya kuelekeza njia, na wakubaliane na familia kuhusu namna wananchi watakavyoweza kuyazuru.

Naanza na Pinto kwa sababu kaburi lake ndilo lililo karibu na watu wengi zaidi, na bado wanaolijua ni wachache. Limo katika makaburi ya City Park, hapa Nairobi, ambako matatu za Barabara ya Limuru hupita kutwa kucha. Kulifikia hakuhitaji kuvuka ziwa wala kubisha hodi katika boma la mtu. Mtu huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1927 kwa wazazi wa asili ya Goa, akasoma India, na aliporejea akajitosa katika vyama vya wafanyakazi na harakati za uhuru. Aliwasaidia wapiganaji wa Mau Mau na familia zao, na kwa ajili hiyo serikali ya kikoloni ikamkamata mwaka 1954, ikamfunga kizuizini katika Kisiwa cha Manda kule Lamu, kisha ikamzuia Kabarnet hadi mwaka 1959. Kampuni ya magazeti aliyoisimamia baadaye ndiyo iliyotoa Sauti ya Mwafrika, kwa hiyo sisi tunaosoma na kuandika katika magazeti ya Kiswahili tunamhusu kwa namna ya pekee. Aliingia Bungeni mwaka 1964. Hakumaliza hata mwaka mmoja humo. Alipigwa risasi asubuhi akiwa ndani ya gari, akitoka nyumbani kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kisilu Mutua, aliyehukumiwa kwa mauaji hayo akiwa kijana, alikaa gerezani hadi mwaka 2001 akishikilia kwamba hakumuua. Waliotoa amri hawakufikishwa mahakamani kamwe, na mjane wa Pinto pamoja na watoto wake walihamia Kanada.

Neno hilo la mwisho ndilo linalonitia uchungu zaidi. Katika desturi zetu kaburi hutunzwa na jamaa waliobaki karibu: wao ndio wanaopalilia majani, wao ndio wanaokarabati saruji inapopasuka, na wao ndio wanaomwelekeza mgeni. Pinto hakuachiwa jamaa wa kufanya hivyo hapa nchini. Aliachiwa sisi aliotufia, nasi hatukuweka hata kibao.

Tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa nikiwapeleka vijana wa mtaani kwetu kumzuru. Mara ya kwanza tulimuuliza mpita njia mmoja, naye kwa moyo mwema akatupeleka moja kwa moja hadi kwa Joseph Murumbi, akidhani kwamba kaburi la mwanasiasa katika bustani ile ni moja tu. Ilitubidi tuingie makaburini na kusoma mawe moja baada ya jingine, majina ya Kireno ya Wagoa yakifuatana, huku kima wa bustani wakitunyemelea kwa sababu ya njugu zilizokuwa mfukoni mwa kijana mmoja. Aliyeliona jiwe kwanza ni msichana wa kidato cha tatu. Ukungu wa kijani ulikuwa umeshika ndani ya herufi, akamimina maji ya chupa yake kwenye leso na kusugua neno baada ya neno, wenzake wakisoma kwa sauti kadiri maandishi yalivyojitokeza. Yanasema kwamba hata kama yeye amezimwa, kutokana na cheche aliyoibeba imewaka mienge elfu. Msichana yule aliniuliza kwa nini hawakuwahi kuambiwa shuleni kwamba yupo hapa, mwendo wa nusu saa kutoka kwao. Nilikuwa nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi na sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa sababu vitabu tulivyotumia vilimtaja kwa mstari mmoja au miwili tu.

Nimemtaja Murumbi, naye anastahili zaidi ya kutajwa kwa kupita. Alikuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, akajiuzulu mwaka 1966, na alipofariki mwaka 1990 alizikwa City Park, karibu na rafiki yake Pinto. Mkewe Sheila alizikwa kando yake baadaye. Kwa miaka kadhaa mahali hapo palitelekezwa, kaburi likaharibiwa, na ardhi ya bustani ikawa inamezewa mate na wanyakuzi. Watu wachache, wakiwamo Alan Donovan aliyeanzisha jumba la sanaa la African Heritage pamoja na Murumbi, walisimama kidete hadi pakatengenezwa bustani ya ukumbusho yenye sanamu za wasanii wa Kiafrika, na mwaka 2009 City Park ikatangazwa kuwa turathi inayolindwa na sheria. Ninaamini kwamba bila kaburi lile na watu walioling'ang'ania, sehemu kubwa ya bustani hiyo leo ingekuwa maghorofa. Basi kutoka kwa Murumbi, ambaye sasa ana njia na bustani, hadi kwa rafiki yake aliyeuawa, ni hatua chache tu. Bamba moja la chuma lenye mshale na jina lingetosha kuanzia.

Kwa hao wengine mambo ni magumu kidogo, na hapa ningependa wahusika watumie busara. Wakenya wengi hatuzikwi katika makaburi ya umma. Tunazikwa nyumbani, shambani, karibu na nyumba za wazazi. Ndiyo maana mtu anayetaka kumzuru shujaa hujikuta anaingia uani kwa watu, mahali ambapo kuna nguo zimeanikwa, kuku wanadona, na mama wa nyumbani ana shughuli zake. Kaburi ni la taifa, ua ni wa familia. Serikali haiwezi kusimika kibao barabarani na kuiachia familia mzigo wa kuwapokea wageni, kuwasimulia msiba ule ule kila wiki na kuwaonyesha choo.

Mboya ndiye aliyetendewa vizuri zaidi. Alipigwa risasi Jumamosi mchana, tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue, akiwa na umri wa miaka 38. Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa kabla mwaka haujaisha, na swali la nani aliyemtuma likabaki pale pale. Jeneza lake lilisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, watu wakiwa wamejipanga njiani, na akazikwa Kasawanga katika Kisiwa cha Rusinga. Leo mgeni anayefika Mbita huvuka daraja na kuingia kisiwani bila kupanda mashua. Jengo lililojengwa juu ya kaburi lina umbo la risasi, na ndani yake mna picha na baadhi ya vitu vyake. Maandishi ya kaburini yanamwamuru anayesoma aende akapigane kama mtu huyu, aliyepigania haja ya wanadamu wote, akafa kwa kuwa alipigana, na ambaye vita vyake havijapata ushindi bado. Nimewaona watu wazima wakisimama mbele ya maneno hayo kwa muda mrefu bila kusemezana. Nairobi nako sanamu yake imesimamishwa tangu mwaka 2011 karibu na mahali alipoangukia, ili apitaye njiani ajue. Kwa Mboya, basi, tumeonyesha kwamba tukitaka tunaweza.

Kwa J. M. Kariuki nasita kila ninapoandika jina lake, kwa sababu alikaribia sana kukosa kaburi. Mbunge huyo wa Nyandarua Kaskazini alionekana mara ya mwisho tarehe 2 Machi 1975 akiondoka katika Hoteli ya Hilton pamoja na afisa mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU. Mchungaji wa Kimaasai ndiye aliyeuona mwili katika milima ya Ngong. Ulipelekwa katika chumba cha maiti cha jiji, ukalala humo bila jina, huku Wakenya wakiambiwa kwamba JM amekwenda Zambia. Wake zake ndio waliomtambua tarehe 11 Machi. Hebu msomaji afikirie kama wangekata tamaa siku chache kabla, au kama wangezuiliwa mlangoni: maiti isiyodaiwa huzikwa na jiji pamoja na wasiojulikana, na leo hakuna ambaye angejua aanzie wapi kumtafuta. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza na kutoa ripoti mwaka ule ule, na hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji. JM alizikwa Gilgil. Huyu ndiye aliyeonya kwamba Kenya isigeuke nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi, na kila mara wanasiasa wanapoyarudia maneno hayo majukwaani huwa natamani mmoja wao awaambie wasikilizaji jinsi ya kufika alipolazwa aliyeyasema.

Kuhusu Dkt. Ouko nitasema machache, kwa kuwa habari zake wengi wenu mnazikumbuka. Mwili wake uliochomwa ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila, si mbali na nyumbani kwake, na amezikwa Koru, Kaunti ya Kisumu. Tume ya uchunguzi ilivunjwa kabla haijamaliza kazi.

Wako pia wasio na kaburi kabisa. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kufukiwa bila alama. Sheria ya wakoloni iliita kitendo hicho adhabu, nami siwezi kukiita hivyo. Mkewe Mukami aliomba kwa serikali moja baada ya nyingine aonyeshwe mifupa ya mumewe aizike, na alifariki mwaka 2023 bila kuonyeshwa. Sanamu ya Kimathi tunayo katikati ya jiji tangu mwaka 2007, na vijana hupanga kukutana chini yake. Nchini Uganda, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa ofisini kwake na askari mnamo Septemba 1972, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Kongo, Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, kisha miili yao ikayeyushwa kwa tindikali, makusudi pasibaki mahali pa watu kukusanyika. Wauaji walijua nguvu ya kaburi kuliko sisi tulioachiwa kulitunza. Jino moja tu la Lumumba lilirudishwa kutoka Ubelgiji mnamo Juni 2022, likazungushwa nchini kwa heshima za kitaifa kabla ya kuhifadhiwa Kinshasa, na maelfu ya watu walijitokeza barabarani.

Tunao pia majirani wa kutuonyesha jinsi inavyofanyika. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977, ikatangazwa kwamba alikufa katika ajali ya gari, na maiti ikapelekwa haraka kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Kule Kampala waumini walikuwa wamemchimbia kaburi Namirembe, nao wakaishia kufanya ibada bila mwili. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa Uganda, na mahujaji hutembea kwa miguu hadi Mucwini. Zanzibar nako, kila tarehe 7 Aprili, viongozi na wananchi hukusanyika Kisiwandui kumsomea dua Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa mahali hapo hapo mwaka 1972. Hakuna Mzanzibari anayehitaji kuuliza kaburi la Karume liko wapi.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba kuyaonyesha makaburi haya ni kufukua uhasama wa makabila. Siwezi kulipuuza, kwa kuwa mimi ni wa umri wa kukumbuka ibada ya kumuaga Mboya ilivyogubikwa na ghasia Nairobi, na jinsi risasi zilivyolia Kisumu mnamo Oktoba 1969 Rais Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali. Lakini uhasama ule ulitokana na ukweli uliofichwa, haukutokana na kuzuru kaburi. Nimeona kijana wa Kikuyu akitoka Rusinga akiwa na maswali mengine kabisa kuhusu mwaka 1969 kuliko yale aliyorithi nyumbani, na ningependa kijana wa Kijaluo apate nafasi hiyo hiyo Gilgil. Pingamizi la pili ni la fedha, na kwamba walio hai wana njaa. Ninachoomba ni vibao, njia ya changarawe, na mtumishi mmoja anayejua kusimulia. Hakuna hata kaunti moja itakayofilisika. Isitoshe, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, ikiwa na sura nzima kuhusu mauaji ya kisiasa. Familia hazijalipwa haki zilizopendekezwa humo, na ukumbusho ulio wazi ni sehemu iliyo rahisi kuliko zote kuitekeleza.

Nasi tunaozuru tuna adabu ya kujifunza. Aendaye kaburi lililo katika boma apeleke salamu mapema, aingie kwa mlango, aketi kwanza, na asiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari na majani ya chai havimwangushi mtu. Picha zipigwe kwa ruhusa, na simu iwekwe mfukoni wazee wanapozungumza. Asikanyage kaburi wala asilikalie. Na wanasiasa wanaobeba mashada na kamera wakati wa kampeni wakumbuke kwamba wale wanaowawekea maua waliuawa na wenye madaraka.

Maombi yangu, basi, ni haya. Kabla ya tarehe 24 Februari ijayo, Kaunti ya Nairobi iweke kibao cha Pinto katika lango la City Park na kingine ndani ya bustani pale njia inapogawanyika kuelekea makaburini, na majani yafyekwe. Makavazi ya Kitaifa yaanze mazungumzo na familia za Gilgil na Koru, yakiwa tayari kukubali jibu la hapana pale ambapo familia haitaki wageni. Na ninyi wasomaji, hasa mliotimiza miaka 70 na zaidi, iwapo mlihudhuria maziko ya Pinto mwaka 1965, au mlisimama barabarani jeneza la Mboya likipita Nakuru au Kisumu, au mna picha za siku hizo sandukuni, tafadhali liandikieni gazeti hili mapema. Picha zenu na majina ya waliomo ndizo zitakazowekwa kwenye vibao hivyo.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kangemi, Nairobi